Bande ya Tatu

Binti yangu Julienne alipewa miezi mitatu ya kujaribiwa katika ofisi moja ya hapa Kasongo, inayotunza karatasi za watu. Ofisi hiyo si ya serikali wala si ya kanisa. Ni ya chama kidogo kinachosaidia waliokimbia vita kutoka upande wa Kabambare. Watu wanaleta vyeti vya shule, vya ndoa, barua za mashamba, chochote kilichobaki, na ofisi inavipiga picha na kuziweka picha ndani ya mashine. Mwenyewe anarudi nyumbani na karatasi yake. Ikiliwa na mchwa kesho, picha ipo. Sisi wenyewe tulikimbia kutoka Wamaza, na cheti changu cha ndoa kiliteketea pamoja na nyumba, kwa hiyo kazi hiyo naielewa. Mengine ya ofisi siyaelewi. Niliuliza, nikajibiwa, na kila nilipojibiwa nilizidi kupotea.

Nilichoelewa ni hiki. Kuna mashine nne juu ya meza, zimeunganishwa kwa nyaya na moja kubwa iliyo chini, pembeni, nayo ndiyo inayobeba picha zote. Masika iliyopita radi ilipiga, ile kubwa ikafa, na picha za miezi miwili zikafa nayo. Watu wa Lusangi walirudi kwa miguu na vyeti vyao ndani ya mifuko ya plastiki kupigwa picha upya. Wengine hawakurudi. Ndipo wafadhili wa Bukavu wakatuma mashine mbili za kuhifadhi nakala, wakasema: zijaribuni zote mbili kwa miezi mitatu, chagueni moja, nyingine irudi.

Moja inatumia bande, yaani utepe. Nyingine ni sanduku jeusi lenye diski. Mkubwa wa ofisi, Papa Jean-Baptiste, ni mtu mpole anayesahau miwani yake juu ya kichwa chake mwenyewe. Alimpa Julienne mashine ya bande aijaribu, na sanduku la diski akampa Iliasi, anayeshughulika na umeme wa jua na mizigo ya ofisi. Kisha akamwita Julienne pembeni akamwambia ukweli. Mashine ya bande inahitaji mtu wa kuishika kila Ijumaa: kutoa bande, kuingiza nyingine, kuandika ndani ya kitabu. Sanduku la diski linafanya kazi lenyewe. Ofisi ikichagua bande, Julienne anabaki. Ikichagua diski, miezi mitatu ikiisha, anaagwa kwa asante.

Aliniambia hayo tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, uani. Mikono yangu ikasimama.

“Hiyo bande ni kama ya kaseti za muziki, zile za baba yako?”

“Ni kama zile, Mama, lakini haiimbi.”

“Na diski?”

“Diski inazunguka.”

“Kaseti haizunguki?”

“Nayo inazunguka.”

“Sasa tofauti iko wapi?”

Julienne alicheka, akatupa bua la sombe. “Tofauti ni hii. Mutu hawezi kuazima bande. Unakumbuka ile diski ya zamani ya ofisi, ya mukononi? Ilitembea Kasongo yote. Huyu ameiomba siku moja aweke nyimbo, mwengine aweke filamu. Ilirudi na ugonjwa ndani, na filamu za karate makumi mbili, na karatasi za watu zimefutwa kupata nafasi. Sasa bande, nani ataiazima? Haiingii kwa simu, haiingii kwa televizio. Ukiiiba utaifanyia nini?”

Hilo niliona lina akili. Lakini nililala na hofu, kwa sababu Iliasi naye nilimjua. Si mtu mbaya. Nyumba yake iko njia moja na yetu, mama yake tulikuwa tukilima pamoja mpunga kabla hajafariki, na hanipiti bila kunisalimia. Hofu yangu ilikuwa kwamba Iliasi ni mtu wa kushinda. Akicheza mpira anashinda, akijadiliana na mwenye pikipiki anashinda.

“Jambo, Mama Julienne,” aliniambia asubuhi moja, akisimama kwenye ua wetu na baiskeli yake. “Bande yenu inaamka namna gani?”

“Inaamka kuliko wewe, macho yako mekundu.”

“Mimi nalala vizuri, Mama. Diski yangu inafanya kazi, mimi nakunywa chai. Mutoto wako anazungusha bande kama mutu wa kukoroga ugali.”

“Ugali usipokorogwa utakula nini?”

Alicheka mpaka akashikilia ukuta. Mimi nilicheka naye, kisha alipoondoka nikakaa chini nikifikiri: chai anakunywa kweli. Na mwenye kuchagua ataona nini? Ataona mmoja anahangaika, mwingine amepumzika.

Bande zilikuwa tatu. Julienne alinieleza kwa vidole. Ya kwanza iliandikwa mwezi wa kwanza wa majaribio, ikafungiwa kabatini, haiguswi. Ya pili inaingia ndani ya mashine kila Ijumaa. Ya tatu lazima itoke nje ya ofisi ikae nyumba nyingine, kwa sababu moto ukiunguza ofisi, kabati nalo litaungua. Iliasi naye aliambiwa hivyo hivyo: sanduku lake lilikuwa na diski ya kuchomoa, aende nayo kwake na kuirudisha kila wiki.

Basi mwishoni mwa mwezi wa pili wa majaribio Julienne aliniletea bande ya tatu. Nilitegemea kitu kikubwa. Kilikuwa kigumu kama kipande cha sabuni ya kufulia, chepesi, ndani ya kibweta cha plastiki. Alikuwa na haraka, pikipiki ilikuwa inamsubiri aende kwenye mkutano.

“Mama, uitunze hii. Isipate maji, isipate panya. Uweke pale unaweka kitu unachoogopa kupoteza.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka nitakapoiuliza.”

Akaenda. Hakuuliza niliiweka wapi, na hiyo ndiyo desturi ya nyumba yetu. Kitu nikishakabidhiwa mimi, hakuna anayekifuata.

Nilizunguka nacho nyumba nzima. Ndani ya sanduku la nguo? Masika hii sanduku la nguo lilikuwa limeota ukungu, sketi yangu ya misa ilikuwa na madoa ya kijani. Chini ya kitanda kuna panya. Juu ya ukuta mchwa wamechora njia yao mpaka kwenye paa. Mwishowe nilikwenda jikoni, ambako ni kibanda peke yake nyuma ya nyumba. Juu ya mafiga, mkono mmoja chini ya paa, kuna uchaga wa mianzi. Hapo ndipo zinapokaa mbegu za mahindi ya msimu ujao, mbegu za mpunga ndani ya kibuyu, na samaki wa Nyangwe waliokaushwa. Moshi unapita pale asubuhi na jioni. Unyevu haufiki, fukusi haingii, panya hawezi kuvumilia, mchwa hata hasogei. Tangu mama yangu, kitu kinachoogopwa kupotea kinakaa pale. Nikaifunga bande ndani ya kitambaa safi, nikaisukuma katikati ya mahindi na kibuyu. Nilishuka nimeridhika.

Wiki tano zilipita. Nilipika chini yake kila siku.

Mgeni kutoka Bukavu, aliyetumwa na wafadhili kuzipima mashine, alifika siku ya Jumanne. Aliitwa Mama Dieudonnée, mwanamke wa umri wangu lakini amevaa suruali na viatu vya mvua, amekaa siku mbili juu ya pikipiki kutoka Kindu, na uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Julienne alikuwa hajala tangu Jumapili. Asubuhi ya Jumatano alitoka na shati alilolipiga pasi mara mbili.

Saa nne simu yangu ililia.

“Mama, lete bande. Sasa hivi. Wanasema ofisi imeungua.”

“Imeungua? Julienne! Uko wapi? Umetoka?”

“Hapana, Mama, haijaungua. Ni kusema tu.”

“Nani anasema tu kitu kama hicho?”

“Mama Dieudonnée. Tunafanya kama imeungua. Lete bande, tafadhali.”

Sikuelewa kitu, lakini nilipanda juu ya kinu nikaishusha. Kitambaa kilikuwa kimekuwa rangi ya chai. Kibweta nacho kilikuwa cha moto kidogo, kinanata mkononi. Nilikipangusa kwa pindo la kitenge changu, nikaona doa halitoki, nikasema moyoni kwamba nje si kitu, kilichoandikwa kiko ndani. Nikaenda mbio.

Ofisi ilikuwa imesimama kama jana. Ndani walikuwa Papa Jean-Baptiste, Iliasi, Julienne na yule mgeni, wote wamesimama kuizunguka meza. Walinipa benchi la wanaosubiri, karibu na mlango. Julienne alipokea bande bila kuitazama, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa Mama Dieudonnée.

“Ofisi imeungua,” alisema mgeni. “Mashine kubwa haiko tena. Kabati haiko. Tuko na vile vilivyokuwa inje tu. Nioneshe karatasi za watu.”

Iliasi alikuwa wa kwanza. Alitoa diski yake kutoka mfukoni, imefungwa ndani ya soksi safi. Alisema ilikuwa chumbani kwake, ndani ya kabati, chini ya kanzu yake ya Ijumaa. Aliichomeka, na kabla sijamaliza kufuta jasho, vyeti vilikuwa vinaonekana juu ya kioo, kimoja baada ya kingine. Mama Dieudonnée akaandika kitu.

Kisha Julienne. Aliingiza bande ndani ya mashine. Mashine ikavuta, ikanung’unika kama mtu mwenye kikohozi, ikatulia, ikanung’unika tena. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka. Bande ikatemwa. Akaiingiza tena. Ikatemwa tena. Mara ya tatu mashine ilitoa mlio mmoja mkali na kukataa kabisa.

Iliasi alinyoosha mkono, akaiokota ile bande juu ya meza, akaigeuza. Nikamwona anaileta karibu na pua yake. Kisha akanitazama mimi, pale benchini. Akaiweka chini taratibu, akatazama dirishani.

Alijua. Anaishi nyumba yenye mafiga kama yangu, hiyo harufu amezaliwa nayo.

Mama Dieudonnée aliomba maji ya kunywa na dakika kumi. Nilitoka barazani, na Iliasi akatoka kuangalia nyaya zake za jua. Nilimfuata.

“Iliasi. Umenusa nini pale?”

“Sijanusa kitu, Mama.”

“Usinidanganye, nilikuwa nakuona.”

Alikuna kichwa. “Mama, nimenusa samaki.”

“Kwa nini hukusema?”

“Wewe ni mama yangu. Nitasema namna gani mbele ya wageni?”

“Ama umenyamaza ili ushinde.”

Hakukasirika. Alifikiri. “Nikinyamaza nashinda, ni kweli. Lakini nikisema, sijui kama namusaidia Julienne ama namumaliza. Watasema mashine ni nzima, vizuri. Halafu watasema, huyu mutoto alipewa kitu cha ofisi akakipeleka kwa moto. Unaona? Mimi sioni njia. Kama wewe unaiona, sema, nami nitasema unavyotaka.”

Mimi nami sikuiona. Nilisimama pale jua linanipiga. Nikinyamaza, bande ni mbovu, na Julienne ndiye aliyeisifu. Nikisema, bande ni nzuri, lakini Julienne ndiye aliyeitoa mkononi mwake bila kuuliza inalala wapi. Nilijaribu kupima upande huu, nikajaribu upande ule, na kila upande niliogeukia mtoto wangu alikuwa anarudi nyumbani bila kazi. Na juu ya hayo, aibu yangu mwenyewe. Sikujua hata kama ninamfikiria yeye au ninajificha nyuma yake.

Tulirudi ndani. Mama Dieudonnée alikuwa ameshika kalamu.

“Kwa hiyo naandika: mashine ya bande haisomi. Irudi Bukavu na mimi.”

“Mama Dieudonnée,” alisema Julienne, na sauti yake ilikuwa ndogo kama alipokuwa darasa la kwanza, “mashine iko nzuri. Labda ni mimi niliandika vibaya. Labda sikujua kazi.”

“Ulijaribu kuisoma mbele ya kuitoa inje?”

“Niliijaribu. Ilisoma.”

“Sasa ulikosea wapi?”

“Sijui.”

Yeye hakujua, na mimi nilijua, na alikuwa anajipakaza kosa ambalo hata jina lake halijui. Nilijikuta nimesimama.

“Ilikuwa jikoni,” nilisema.

Wote waligeuka.

“Nini ilikuwa jikoni?” aliuliza Papa Jean-Baptiste.

“Hiyo bande. Nilipewa mimi niitunze. Niliiweka jikoni, kwa uchaga.”

“Uchaga gani?”

“Ule wa juu ya moto.”

Papa Jean-Baptiste alitafuta miwani yake usoni, akaikuta juu ya kichwa, akaivaa, akanitazama kwa miwani. “Mama Julienne. Tumesema ofisi imeungua ni muchezo. Wewe umeiunguza kweli?”

Iliasi alishindwa kujizuia, akageukia ukuta mabega yakitetemeka. Papa Jean-Baptiste naye akaanza. Julienne hakucheka. Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. “Mama! Kwa moto? Wiki tano?”

“Uliniambia isipate maji wala panya. Kule haviendi.”

“Mama!”

“Uliniambia pale ninapoweka kitu ninachoogopa kupoteza. Ndipo pale. Hukusema moto.”

Mama Dieudonnée hakuwa anacheka wala kukasirika. Aliivuta bande, akainusa vizuri, kama mtu anayenunua sokoni. “Unaweka nini kingine pale, Mama?”

“Mbegu za mahindi. Mpunga. Samaki.”

“Na mbegu zinaota?”

“Zote.”

“Hii joto imeipika. Na masizi imeingia ndani, na kutoka ndani imeingia kwa mashine.” Alimgeukia Julienne. “Iko wapi bande ya kusafisha? Mulipewa moja, ya rangi ingine.”

Julienne alikimbilia droo. Waliingiza hiyo ya kusafisha, mashine ikakohoa, ikaitema. Wakaiingiza tena. Mara ya pili taa ya chungwa ilizimika. Kisha Mama Dieudonnée akaomba bande ya kwanza, ile ya kabatini.

“Lakini kabati imeungua,” alisema Iliasi. Alinitupia jicho la kuomba radhi, lakini alisema. “Ulisema mwenyewe. Vilivyokuwa inje tu.”

“Kweli. Kwa jaribio la moto umeshinda, na nimeandika. Sasa nataka kujua tu kama mashine ni mufu ama ni mugonjwa.”

Bande ya kwanza iliingia. Mashine ilivuta kwa sauti nyororo, ikaendelea, ikaendelea. Majina yakaanza kushuka juu ya kioo. Nilimtazama Julienne kama anafurahi. Hakuwa anafurahi, alikuwa anahesabu pumzi.

Mama Dieudonnée alichukua kile kitabu kinene cha mkono ambamo kila mtu anaandikwa siku anapoleta karatasi. Akafungua popote, akaweka kidole. “Bulaimu, wa Wamaza. Cheti cha ualimu. Iliasi, nioneshe.”

Mzee Bulaimu namjua, alifundisha wadogo zangu. Iliasi alitafuta. Alitafuta tena, akaandika jina kwa namna nyingine. Hakikuwamo. Alitafuta ndani ya mashine kubwa, nako hakikuwamo.

“Kuna mutu alikifuta,” alisema Julienne polepole.

Papa Jean-Baptiste alivua miwani. “Mwezi uliopita nilikuwa napangapanga majina,” alisema. “Niliona Bulaimu mara mbili. Nilifuta mumoja.” Akakitazama kile kitabu. “Labda walikuwa wawili.”

“Na diski?” mgeni alimwuliza Iliasi.

“Diski inafuata mashine kubwa,” alisema Iliasi, na alisema bila kujitetea. “Kikiingia kule, kinaingia huku. Kikifutwa kule, kinafutwa huku. Ni kama kioo. Ukitoka mbele yake, nawe unatoka ndani.”

“Julienne. Bulaimu.”

Julienne alibonyeza. Tulisubiri. Bande ilizunguka kwenda mbele, ikarudi nyuma, muda mrefu, mpaka nikafikiri imekwama tena. Kisha cheti cha mzee Bulaimu kikatokea juu ya kioo, na muhuri wake, na kona iliyoliwa. Bande hiyo iliandikwa kabla Papa Jean-Baptiste hajakifuta, na tangu siku hiyo haikujua lolote lililotokea ofisini.

Niliwaza kwamba basi yamekwisha, tumeshinda. Kumbe hapana. Mama Dieudonnée na Papa Jean-Baptiste walitoka nje wakazungumza kwa Kifaransa, muda wa kupika maharage. Iliasi na Julienne walibaki ndani, hawatazamani. Mimi benchini nilikuwa ninajaribu kuhesabu: diski ilipita moto ikaanguka kwa Bulaimu; bande ilianguka kwa moto ikapita kwa Bulaimu. Sare, moja kwa moja. Na moto ulikuwa wangu.

Walipoingia, Mama Dieudonnée alisema maneno mengi. Alisema kufa kwa mashine si hatari kubwa kama kosa la mkono. Alisema nakala lazima iwe na umri wake, isifuate kila kinachofutwa. Alisema utaratibu wa kutoa nje haukuandikwa, na kwamba hilo ni kosa, na limeingia katika ripoti kwa jina la Julienne. Alisema bande ya tatu haitakaa tena kwa mama wa mtu anayeishika. Itakaa kwa Iliasi, kwa kuwa ameonyesha anajua kuweka. Kila alichosema kiliniingia kama kibaya. Niliposikia “jina la Julienne” na “ripoti” nilijua yameisha. Nikaanza kukunja kile kitambaa cha rangi ya chai, nikakikunja mpaka hakikuweza kukunjika tena.

Iliasi alinisindikiza mpaka mlangoni. “Pole, Mama. Na hongera.”

“Ya nini?”

“Ya mutoto.”

“Unanicheka?”

Alinitazama, akaona sielewi, akataka kusema, kisha Papa Jean-Baptiste akamwita abebe sanduku jeusi, na mimi nikabaki na ile hongera yake mkononi bila kujua niiweke wapi.

Julienne alitoka baadaye. Alipita mbele yangu bila kusimama, nikamfuata. Tulipita soko, tukapita wauza mawese, tukapita nyumba ya Iliasi. Alikuwa anatembea haraka kama mtu anayekimbiza hasira yake mwenyewe, na mimi nyuma, nguo yangu inanuka moshi, kitu ambacho sikuwahi kukisikia mpaka siku hiyo.

“Wamekuaga?” niliuliza mwishowe.

Alisimama. “Nani ameniaga? Mama, hukusikia? Bande inabaki. Sanduku ndilo linarudi Bukavu.”

“Na wewe?”

“Mimi nabaki na bande.”

“Lakini amesema kosa. Amesema ripoti.”

“Kosa liko, na ripoti iko. Na nabaki.”

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa kama bado ana hasira. Alikuwa nayo. “Kama usingesema,” alisema, “ile mashine ingekuwa juu ya pikipiki kesho asubuhi. Na kama usingeiweka kwa moto, hakuna kitu cha kusema kingekuwako.”

“Kwa hiyo nimekusaidia ama nimekuharibia?”

Alianza tena kutembea, sasa polepole, kando yangu.

“Sijui, Mama. Usiniulize leo.”

Tulifika karibu na nyumba. Alikuwa anatazama chini, anapiga jiwe kwa ncha ya kiatu, kama alivyofanya alipokuwa mdogo na kitu kinamsumbua.

“Ijumaa napeleka bande ya tatu mpya kwa Iliasi,” alisema. “Nitaandika karatasi ya masharti, kwa Kiswahili. Unaweza kunisindikiza?”

“Mimi? Kufanya nini? Si wamesema nisiguse?”

“Hutagusa. Utatazama tu pale anaiweka. Mimi sijui kutazama nyumba ya mutu. Wewe unajua.”

Nikaanza kuifikiria nyumba ya Iliasi, chumba kwa chumba, kama nilivyokuwa nikiijua wakati mama yake yuko hai. Lile kabati la kanzu limeegemea ukuta upande wa magharibi.

“Upande wa pili wa ule ukuta,” nilimwambia Julienne, “uliza kwanza kama mke wake hapikii pale.”